Unga wa Vitundu na Eugene wa Kitanda cha Juu

Jumapili, 4 Oktoba 2015

Naanza kuandika shajara. Watu wakubwa huandika, na mimi nitakuwa mkubwa ndani ya siku kumi na moja.

Habari yenyewe ni hii. Daktari Salwa, Msudani, mkuu wa maabara yetu hapa Doha, katuita asubuhi mimi na Eugene. Kasema imepatikana nafasi ya fundi wa maabara. Moja tu. Sisi wawili ndio wasaidizi wake: tunaosha chupa, tunapima unga, tunabeba mitungi. Mmoja wetu atapanda. Fundi haletwi na kampuni ya vibarua. Anaajiriwa na taasisi moja kwa moja, anahama kutoka kambini kwetu Industrial Area, na anapewa ruhusa ya kuleta familia.

Niliposikia familia, masikio yakanisimama. Edith mke wangu yuko Songea, mwaka wa tatu huu. Tumaini binti yetu alikuwa na mwaka mmoja nilipoondoka; sasa ana minne na baba yake anamjua kwenye simu. Edith naye hajui kushika simu. Namwona paji la uso tu.

Nikampigia jioni, nikamwambia nafasi ni yangu. Habari za mashindano sikumwambia. Ya nini kumtia mtu presha.

Sasa huyu Eugene. Mkenya, wa Busia. Kambini kitanda chake kiko juu ya changu, kwa hiyo hata nikilala ananizidi. Mwaka jana tu alikuwa sekyuriti pale getini, ananifungulia mlango, ananiambia karibu bosi. Mimi nimeshika chupa za maabara miaka sita, stoo ya kemia, sekondari, Peramiho. Leo eti tuko sawa. Sina wivu. Naandika ukweli ulivyo.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mtihani wetu. Kuna unga mweupe ambao chembe zake zimejengwa kwa madini na kaboni, na ndani yake mna vitundu vitupu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Daktari anasema kuta za vitundu vya kijiko kimoja zikitandazwa zinaenea uwanja wa mpira. Nilimweleza Iddi, dereva wa basi letu la kampuni, Mtanga, tunakaa naye chumba kimoja. Akasema basi watuhamishie humo kambi nzima, tupate nafasi. Hana sayansi yule.

Unga peke yake haushikani, ukiubonyeza unapukutika. Polima, ambayo ni plastiki iliyoyeyushwa ikawa kama gundi, inashikana vizuri ila haina vitundu. Daktari anataka viwili hivi vioane, vitoe utando mwembamba kama mfuko wa nailoni, upitishe gesi chafu na kuizuia ile nzuri. Na Qatar ni nchi ya gesi. Wageni wakubwa wanakuja Alhamisi ya tarehe kumi na tano kutazama. Kila mmoja wetu atengeneze utando wake. Utakaoshinda kwenye mashine ndio utakaompa mwenyewe nafasi.

Unachanganya unga na kiyeyusho kwenye chupa moja, polima iko chupa nyingine, unamimina polima yote kwenye unga, unakoroga, unatandaza juu ya kioo, unaacha ukauke.

Wangu umetoka na madonge. Nilipoubandua ukapasuka kila penye donge. Wa Eugene nao una madonge, lakini Daktari kasema ya Eugene ni madogo. Kasema mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, kama kabati.

Jumanne, 6 Oktoba

Mpango wa kwanza: fundi lazima anukie kama fundi.

Wakubwa wote wa hapa wananukia udi. Nikanunua kichupa duka la Mpakistani nje ya kambi, nikajipaka shingoni, kifuani, viganjani. Kwenye basi Iddi alifungua dirisha. Wivu.

Nikakaa mezani kwangu na chupa ya unga wazi, nikipima taratibu ili Daktari akipita anione, aninuse pia. Kumbe nilisahau jambo moja. Unga ule ulikuwa umetoka tanurini, umekaushwa siku nzima ili vitundu vibaki vitupu. Ukitoka hapo una njaa. Unameza chochote kilichomo hewani.

Daktari akauweka kwenye mashine ya kupima vitundu. Mashine ikasema unga wa Athanas, yaani mimi, umejaa. Umejaa nini? Haijui. Daktari akainama, akanusa chupa, akanusa tena. Kisha akauliza kwa upole ni nani hapa anayekwenda harusini.

Eugene hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Angecheka ningemchukia kwa raha zangu. Badala yake akanimegea nusu ya unga wake mkavu, akasema eti tuko pamoja. Nikasema asante. Neno lenyewe lilipita kooni kama mwiba wa sato.

Jumatano, 7 Oktoba

Zamu ya kupika chumbani ilikuwa yangu. Nikasema kichwa kinauma. Huwa kinauma kila Jumatano. Mimi sikuja Uarabuni kusonga ugali.

Eugene akapika yeye. Wakati huo Edith akapiga kwa video. Nikiwa namweleza nilivyo mtu muhimu maabara, akaniuliza yule kaka nyuma yangu anayekoroga sufuria ni nani. Nikasema ni jamaa tu. Akasema anakoroga vizuri, sufuria haipigi kelele. Akaomba amsalimie shemeji.

Shemeji. Nani kampa ushemeji?

Wakaongea dakika kumi na moja kwa simu yangu. Eugene akauliza habari za Tumaini, za mvua, za mahindi. Akamfundisha Edith namna ya kushika simu. Na leo uso wake wote ulionekana, na meno yake, na mwanya wake ule ninaoupenda. Miaka mitatu mimi naonyeshwa paji la uso, Mkenya mara moja tu kapewa sura nzima.

Roho iliniuma mpaka ugali ukanishinda. Nilikula mara mbili tu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Naandika haya nikiwa nimefunga mlango wa choo cha kambini. Watu wanagonga. Wagonge.

Nimemtia Eugene mchanga kwenye kitumbua.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunatengeneza utando wa mwisho kabla ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, huu ndio utakaoingia kwenye mashine. Saa sita Waislamu wakaenda kuswali, Daktari naye akaenda, Eugene akatoka kula. Mezani kwake chupa mbili: ya unga na kiyeyusho, inajikoroga yenyewe juu ya mashine yake ndogo, na ya polima, imesimama pembeni, safi, inasubiri.

Nikawaza: gundi ikiingia humo kabla ya wakati wake, unga utanasana wote. Litatoka donge moja la kihistoria. Nikachukua chupa yake ya polima, nikamwaga kidogo kwenye unga wake. Sikupima. Nilimwaga kwa kiasi cha hasira yangu, na kusema kweli hasira ilikuwa ya wastani kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Nikarudisha chupa mahali pake. Ile ya unga ikaendelea kujikoroga zaidi ya saa nzima.

Eugene aliporudi akaitazama chupa ya unga, akakunja uso kidogo. Akaitazama ya polima. Nikajifanya nasoma maandishi ya kwenye kizima moto. Hakuuliza. Akamimina polima iliyobaki, akakoroga, akatandaza juu ya kioo, akafunika.

Na mimi nikatandaza wangu. Nimeusafisha kioo mara tatu. Nina imani nao sana.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimekwenda kanisani Abu Hamour. Dhamiri haikunisumbua, ila nilidhani si vibaya kuungama kidogo kwa tahadhari. Foleni ndefu. Na mbele yangu ni nani? Eugene. Hata kwa Mungu katangulia.

Akakaa ndani robo saa nzima. Mtu asiye na dhambi anafanya nini huko robo saa? Anajaza nafasi za wengine tu. Akatoka uso umetulia. Nikapima foleni, nikapima jua, nikapima basi la Iddi lililokuwa linapiga honi. Nikaahirisha.

Jumapili, 11 Oktoba

Siamini.

Utando wa Eugene hauna donge hata moja. Umebanduka kwenye kioo wote, mzima, laini, unaukunja unarudi. Daktari kauinua kwenye mwanga, akauzungusha, akasema neno la Kiarabu ambalo sijawahi kumsikia akilisema maabara.

Wangu umepasuka kabla sijaugusa. Niliuangalia tu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mashine imepima. Gesi chafu imepita kwenye utando wa Eugene, nzuri imebaki upande wake, na utando haukuchanika hata pale Daktari alipozidisha msukumo. Kasema toka ameanza kazi na unga huu hajaona namba za namna hiyo. Alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyetumiwa picha ya mtoto.

Akamuuliza Eugene amefanyaje. Sasa sikiliza upumbavu wa mtu mwema. Eugene akajibu hajui. Eti aliporudi kula alikuta chupa ya unga imekuwa nzito na polima imepungua, akadhani Daktari mwenyewe ameshaanza kumimina, akamalizia. Eti asingependa kusifiwa kwa kazi ya mkono wa mtu mwingine.

Daktari akasema si yeye. Akatutazama wote, mimi, Eugene, hadi msafishaji Mnepali. Akasema aliyemimina aje ofisini, kwa sababu ametuonyesha njia.

Ametuonyesha njia! Mimi hapo! Njia yangu!

Yaani mimi ndiye mvumbuzi, na namba zimeandikwa jina la Eugene. Nimekaa kwenye basi sioni barabara. Nikisema ni mimi, nimekiri kuharibu. Nikikaa kimya, Eugene anapanda cheo kwa uharibifu wangu nilioufanya kwa mikono yangu mwenyewe. Wizi mtupu.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimekwenda kukiri. Nilinyoa ndevu kwanza.

Nikamwambia Daktari kwamba aliyemimina ni mimi, kwa makusudi ya kisayansi. Akaniambia niketi. Akauliza nilimimina kwenye chupa ya nani. Nikasema ya Eugene. Akauliza kwa nini si kwenye yangu. Nikasema mimi nina moyo wa kutanguliza wenzangu. Akauliza kama nilimwambia Eugene. Nikasema nilitaka kumshtukiza, kama zawadi.

Akanitazama. Macho ya Daktari ni makubwa, na miwani inayaongeza. Akauliza nilimimina kiasi gani. Nikasema cha kutosha. Akasema vizuri, kesho nirudie mbele yake, na Eugene naye arudie pembeni yangu kwa akili yake. Kama ni sayansi, itajirudia.

Nimetoka mle nikielea. Kesho yule sekyuriti ataona fundi anavyofanya kazi.

Eugene ameshajua. Daktari alimwambia. Nilimsubiri chumbani akasirike, nilikuwa nimepanga hadi majibu. Akakaa kitandani kwangu, si kwake, akaniuliza kama kuna kitu amenikosea. Basi. Nikamwambia ajiandae na kesho.

Jumatano, 14 Oktoba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika kwa ufupi.

Niliwaza: kama kidogo kilifanya vizuri vile, kingi kitafanya maajabu. Nikamimina karibu chupa nzima ya polima kwa mkupuo, kwa madaha, Daktari akiniangalia. Unga ukanasana. Ikatoka kama bazoka ya kutafuna, sumaku ya kukorogea ikaizungusha mara mbili, kisha mashine ikalia, ikasimama. Nikaivuta kwa koleo. Ikavutika. Nikavuta tena. Ikaja na chupa.

Eugene pembeni yangu alikuwa na mambo yake. Kumbe Alhamisi ile alikuwa ameweka alama ya kalamu kwenye chupa yake ya polima, pale ilipofikia kabla hajatoka kula. Ana tabia ya kuweka alama kila kitu, ni ya ulinzi hiyo, hata sukari yake kambini ina alama. Kwa alama ile akajua ni kiasi gani kilikuwa kimepungua: sehemu moja ya kumi. Akamimina hiyo. Akaiacha ijikoroge saa nzima. Ndipo akamimina iliyobaki.

Daktari akamuuliza anadhani kwa nini inafanya kazi. Eugene akajibu kwa haya kwamba ni kama uji. Ukitupa unga kwenye maji yanayochemka unapata madonge. Kwanza unauvuruga pembeni na maji kidogo ya baridi, kila chembe ipate maji yake, ndipo unaingiza sufuriani. Akasema kila aliyewahi kupika anajua.

Daktari akapiga meza kwa kiganja. Akasema ni sawasawa kabisa, na kwamba wenzake huko duniani huuvisha unga koti jembamba la polima kwanza ili chembe zisikimbiliane zenyewe kwa zenyewe, ila kwa unga wetu huu alikuwa bado hajajaribu. Akaniuliza mimi kama nimewahi kupika uji.

Nikasema kichwa kinauma.

Alhamisi, 15 Oktoba

Wageni wamekuja. Kanzu nyeupe, suti, harufu ya udi halali. Mimi nimepewa kazi ya kupitisha karak, chai yao ya maziwa na iliki.

Utando mpya wa Eugene ulikuwa umekauka tanurini tangu asubuhi na mapema, mzima kama ule wa kwanza. Yeye akaeleza mwenyewe, kwa Kiingereza kile chao cha Kenya kinachotembea wima. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Kisha, nikiwa na sinia, nikasikia jina langu. Eugene alikuwa anawaambia kwamba mkono uliomimina mara ya kwanza ni wa mwenzake Athanas, yule pale. Mgeni mmoja akanipigia makofi. Nikaanza kuweka sinia chini ili nisogee mbele nitoe maneno mawili matatu. Daktari akanitazama. Nikaliinua sinia.

Walipoondoka akatuita. Nafasi ya fundi: Eugene. Ruhusa ya familia kapewa Eugene, mtu ambaye hana mke wala mchumba, familia yake ni mama na ng'ombe wawili.

Kisha akamtoa Eugene nje, akafungua droo, akanionyesha barua. Ilikuwa ya kunirudisha kwa kampuni, na kampuni ikirudishiwa mtu kwa kosa kama langu humkatia tiketi ya nyumbani. Akaniambia ameiandika tangu Jumanne. Jana Eugene alikaa ofisini kwake akimwombea huyu mharibifu, akasema nina mtoto ambaye hajanishika mkono tangu ana mwaka mmoja.

Nikalisoma jina langu kwenye barua ile mara mbili. Siandiki utani hapa.

Akaifungia barua droo. Akasema Januari nafasi ya pili ya fundi itafunguliwa, cheo kilekile, na ruhusa ileile ya familia. Itakuwa yangu nikitimiza mawili kwa miezi mitatu. La kwanza, nisiguse kazi ya mtu mwingine. La pili, kila ninachofanya mle ndani nikiandike kwenye daftari la maabara: nini, kiasi gani, saa ngapi, na sahihi. Yeye husoma daftari hilo kila jioni kabla hajaondoka.

Nikaapa. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimemwambia Edith yote. Karibu yote. Nilipofika kwenye neno mharibifu nilisema ajali.

Akaketi chini. Kisha akalia, na simu kaishika vizuri, kwa hiyo niliona yote, uso mzima. Akasema, Baba Tumaini, miaka mitatu nimengoja. Miezi mitatu siyo kitu. Tia mikono mfukoni tu. Usifanye jambo lolote la akili. Naomba kwa jina la mtoto huyu.

Tumaini akaletwa, akaniamkia shikamoo, akauliza kama mimi ndiye nitakayemfuata na ndege au ndege itakuja yenyewe. Nikasema itakuja. Nikawaahidi wote wawili.

Halafu Edith akaomba kuongea na shemeji Eugene amshukuru. Nikampa simu. Nilivumilia. Niliweka mikono mfukoni, kama alivyosema.

Jumapili, 1 Novemba

Siku kumi na sita bila kugusa cha mtu. Daftari la maabara limejaa mwandiko wangu. Nimeandika hata mara nilizopiga chafya karibu na mizani. Alhamisi Daktari alisema naendelea vizuri. Naendelea vizuri, maneno yake.

Leo kaletwa msaidizi mpya kuziba nafasi ya Eugene. Mwanahamisi, wa Tanga. Iddi keshamwita dada na kumwekea kiti cha mbele kwenye basi, kiti ambacho mimi nimekiomba mwaka mzima. Ana vidole vyembamba na hasemi sana. Asubuhi alipima unga mara moja tu na mizani ikatulia. Daktari akasema huyu ana mkono mwepesi. Mchana akasema tena. Saa nane Eugene, fundi Eugene, akasema naye atamfundisha kutandaza.

Mimi hakunifundisha mtu. Nilijifundisha mwenyewe, na matokeo yangu wageni waliyapigia makofi.

Nikapiga hesabu. Nafasi ya Januari ni moja. Nimeahidiwa mimi, sawa, lakini ahadi ilitolewa kabla Daktari hajaviona vidole hivi. Nikakaa nikafikiri kwa utulivu, bila hasira kabisa, nini hasa kilinikosesha mwezi uliopita. Nimekipata. Sikupima. Ningepima, ningeweza kurudia. Ningerudia, leo fundi ni mimi. Kosa lilikuwa hilo tu.

Saa tisa Mwanahamisi alikwenda kuswali. Chupa yake ya unga ilikuwa inajikoroga. Hapa hakuna hasara: utando ukiharibika, mkono wake si mwepesi tena, ukiwa mzuri, safari hii mvumbuzi ana ushahidi. Nikachukua sindano ya kupimia, nikavuta polima mililita tano kamili, nikatia. Kisha nikafanya kama nilivyoapa. Nikafungua daftari la maabara, nikaandika kwa herufi safi: nimetia polima, mililita tano, kwenye chupa ya Mwanahamisi, saa tisa na dakika kumi. Nikatia sahihi, nikaliacha wazi juu ya meza ya Daktari ili asipate taabu ya kulitafuta.

Nikiwa kwenye basi nikampigia Edith, nikamwambia aanze kufunga mizigo.